Ruhusa ya Marehemu

Arubaini ya baba ilipokwisha, mama aliniita chumbani alimokuwa amekaa eda, akanambia nende jela nikamtazame mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo wa kiume alikuwa ndani mwaka wa pili. Alikuwa mchukuzi bandarini. Siku moja waligombana na mwenzake kwa jambo la zamu, akampiga kwa kulabu ya kuvutia magunia, jicho likapotea. Aliyepigwa alikuwa mtoto wa mtu ambaye yeye na baba walisali bega kwa bega kila alfajiri. Baba alikuwa fundi wa kanzu hapo Mkunazini, na watu walizoea kusimama barazani kwake kumwamkia. Siku ya hukumu alirudi kutoka mahakamani, akafunga mlango, akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga jela. Alilisema mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nakaa Ng'ambo, na mume wangu hakunizuia, lakini sikwenda. Nilimwogopa baba hata nikiwa kwangu.

Sasa baba alikuwa kaburini, na ndugu yangu hakuwa na habari.

"Usimwambie kuwa amekufa," mama alisema. "Atayasikia akitoka, nami nipo. Mwambie babake karadhi naye, na yeye ndiye aliyekuruhusu."

"Mama, nitaweza kweli?"

"Utaweza. Mimi siwezi kutoka. Nani mwengine nimtume?"

Sikujua hata mtu huingiaje jela. Nilimwendea jirani yangu wa Ng'ambo, mama wa asili ya bara aliyekuwa akiuza vitumbua, kwa sababu mumewe aliwahi kufungwa kwa kupika pombe. Nilizunguka sana kwa maneno kabla ya kuuliza. Yeye hakuona haya.

"Mumeo akuombee cheti cha kuingilia," alisema. "Usivae bangili, utaambiwa uzivue. Chakula hawapokei. Sabuni wanapokea. Na usilie, maana ukilia muda unakwisha na hujasema kitu."

Nilimwambia mama kuwa chakula hakipokelewi. Alikuwa ameshaloweka mchele wa mkate wa kumimina. Baadaye alinambia niumwage ule mchele, kisha akaona vibaya, akausaga na kuupika, tukaula sisi wawili bila ya hamu.

Cheti kilipopatikana, alifungua kasha kunichagulia kanga. Nilimwambia nitavaa buibui juu, kanga haitaonekana. Hakunisikiliza. Alizifunua moja moja, nikawa namsomea majina yaliyoandikwa, kwani yeye hakujua kusoma herufi za kizungu. Moja ilikuwa ya kusuta, moja ya wivu, moja ya kuaga. Hiyo ya kuaga aliikunja upesi, akaisukuma chini kabisa. Mwisho alitoa kisutu kikuukuu kisichokuwa na maandishi. "Vaa hiki," alisema. "Hakina la kumwambia."

Siku tatu zilizobaki kabla ya kwenda nilijifunza uongo kama mtoto anavyojifunza sura chuoni. Nikipeta mchele, nikifua, midomo inacheza: baba hajambo, anakusalimu, karadhi nawe. Kila nikifika kwenye "anakusalimu" nilikwama, nikaanza tena.

Asubuhi ya kwenda, mume wangu alinifikisha mpaka njia ya jela, akaenda kazini. Langoni askari aliuchukua mche wa sabuni, akaukata vipande vitatu, akatazama ndani, kisha akaniashiria nipite. Niliingizwa kwenye chumba kilichogawanywa kwa wavu wa waya. Ndugu yangu akaletwa upande wa pili, kichwa kimenyolewa, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwengine anakuja.

"Nani kakuruhusu kuja?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila swali isipokuwa hilo. Jibu nilikuwa nalo, maana mama alinipa, lakini halikutoka. Nikaona uso wake unavyobadilika taratibu.

"Lini?" akauliza.

"Jumaatatu. Mwezi na nusu umepita."

Alishika wavu. Askari akamwambia atoe mikono, akaitoa.

"Nani aliyemkosha?"

"Ami, na watu wa msikitini."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kazi ile ilikuwa yake, na sote wawili tulijua.

"Mama kanambia nikwambie alikuwa radhi nawe," nikasema.

"Mama kasema. Na mwenyewe je?"

"Siku za mwisho hakuwa akisema."

Hakulia, nami sikulia. Askari akasema muda umekwisha. Alipogeuzwa ndipo akanambia kwa haraka, "Usimwambie mama kuwa nnajua."

Nilirudi Mkunazini kwa miguu. Mama alikuwa akinisubiri nyuma ya pazia.

"Alisemaje ulipomwambia babake karadhi?"

"Alifurahi," nikasema.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumtazama nilibeba salamu za marehemu alizonipa mama, na nilirudi na salamu za kumjibu. Eda ilikwisha na mama hakwenda hata mara moja. Alisema miguu inamuuma.

Ndugu yangu alitoka mwaka uliofuata. Mama alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamwambia babake hayupo tena. Ndugu yangu alianguka pale pale ukumbini, akalia kwa sauti kubwa. Sijajua mpaka leo kama alilia kwa ajili ya mama au kilikuwa ni kile kilio alichokizuia kwenye wavu. Mama alimpapasa mgongo.

"Alikuwa radhi nawe, mwanangu. Dada'ko si alikwambia?"

"Naam, mama. Alinambia."

Mimi nikaenda uani kuteleka chai.