Mjomba, Ukuta Ndio Unaovuja

Juzi, kwenye kliniki moja mjini Morogoro, mlango wa daktari ulikuwa wazi, na masikio yangu pia. Ndani alikaa mama mkulima wa Mgeta mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupaa na kuzama, pamoja na mjomba wake, msemaji wa ukoo.

“Daktari, anasahau mno. Shamba la ukoo tumpe mdogo wake.”

Daktari akaeleza kuwa kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na wataalamu wanashuku kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hawa unavuja, kumbukumbu ikayumba.

Mama akakaza kanga kiunoni. “Umesikia, mjomba? Bati lako likivuja, tunakunyang’anya nyumba?”

“Na kumwagilia kabichi, nani atakumbuka?”

“Wewe! Utanikumbusha kila asubuhi.”

Mzee wa watu kaja kutwaa shamba, kaondoka na ajira.