Sista Kolumba, Aliyewavusha Madaktari Mstari

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1934, katika kijiji cha wafinyanzi kwenye milima ya Chungcheong, akabatizwa siku ileile kwa jina la Kolumba, maana baridi ilikuwa kali na wazazi hawakuwa na hakika kama kichanga kingefika asubuhi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Pyo Mal-sun. Ukoo wake haukupanda milimani kwa kupenda hewa safi. Mababu walikimbilia huko zama ambazo kukutwa na msalaba kulikuwa kukatwa kichwa, wakajifunza kufinyanga mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, kwa sababu mfinyanzi huweza kutembea kijiji hadi kijiji na mzigo mgongoni bila kuulizwa anamtafuta nani. Huo haukuwa ukoo wa watu wa kuinamisha kichwa, na tunalisema hilo kwa fahari.

Alikuwa bado mtoto mdogo macho ya bibi yake, Anna, yalipoanza kufifia. Kwa kumheshimu, familia ilimnunulia bakuli la kaure nyeupe, la pekee katika nyumba nzima, na Noeli ilipofika wakamjazia wali mweupe. Bibi akalishika tu mikononi, asile. Watu wakanong'ona kwamba mzee amekwisha, wakaanza kumlisha kwa kijiko. Mal-sun akaumimina wali ule kwenye bakuli jeusi la udongo walilotumia watoto kula. Mama yake akamjia juu: "We mtoto, adabu umeiacha wapi? Mama mkwe wangu ale kwenye hilo?" Lakini bibi alikuwa ameshachukua kijiko mwenyewe. "Mwacheni," akasema, mdomo umejaa. "Leo wali nauona. Lile bakuli lenu la heshima lilitaka kuniua kwa njaa." Hakuna malaika aliyeshuka siku hiyo. Wito wake ulianzia hapo, kwenye wali.

Vita vya mwaka 1950 viliwasukuma hadi Busan, bandari ya kusini. Huko aliwasaidia masista kuwaosha macho watoto wa wakimbizi, na mwaka 1955 akaingia utawani. Shirika lilimsomesha udaktari, kisha udaktari wa macho, na mwaka 1966 akakabidhiwa Kliniki ya Mtakatifu Lusia iliyokuwa ya masista mjini Daejeon.

Vijana hawayajui ya siku zile, nasi hatutaki yasahauliwe. Katika kila kliniki ya macho palikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Mgonjwa alisimama nyuma yake, akatazama ubao wa herufi ukutani. Aliyeshindwa kuisoma herufi ya juu kabisa aliandikwa kipofu, akaambiwa hakuna la kufanya tena, akaitwa mwingine. Kama mgonjwa ni mtoto, alihamishiwa shule ya vipofu akajifunze kukanda watu, kazi ambayo sheria iliwatengea vipofu. Kazi hiyo ina heshima na imelea familia nyingi. Waliokosa si wakandaji. Waliokosa ni wasomi waliompeleka huko mtoto mwenye kuona kidogo bila kujisumbua kupima hicho kidogo ni kiasi gani.

Mwaka 1981 Sista Kolumba alianzisha mafunzo ya uoni hafifu kwa madaktari na wauguzi wa macho. Hakuwafundisha kuponya, maana wagonjwa hawa walikuwa wameshapita dawa na kisu. Aliwafundisha kupima uoni uliobaki, kuchagua lenzi ya kukuza, kuweka taa upande unaofaa, na kuuliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuwafundisha: "Wewe unataka kufanya nini na macho yako?" Somo la kwanza lilikuwa katazo. "Humu ndani hakuna kusema 'hakuna la kufanya,'" aliwaambia. "Sema, 'mimi sijui la kufanya.' Hapo umesema kweli, na ujinga unafundishika."

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1983. Msichana mmoja wa sekondari, Nam Seol-hwa, alikuwa ameandikwa kipofu na Profesa Tak, mkuu wa idara ya macho ya hospitali moja kubwa tusiyoitaja, na muhula uliofuata angetolewa shuleni kwake apelekwe kwenye ukandaji. Msichana alilia kwamba anataka kusoma historia. Sista alimpima, akajua anaweza. Lakini wakuu wa shule walikataa neno la mtawa mbele ya neno la profesa, na wanafunzi wa Sista walikuwa wote wanafunzi wa Tak pia. Kwetu, daktari mdogo hatangulii kutoka chumbani kabla ya mkubwa wake, sembuse kumkosoa.

Basi Sista akamwalika Profesa Tak kushuhudia mtihani wa mwisho wa mafunzo, akamwalika na mwalimu mkuu wa shule ile. Wa kutahiniwa alikuwa Daktari Gil Do-yeop, kipenzi cha profesa. Wa kupimwa alikuwa Seol-hwa. Msichana alisimama nyuma ya mstari, asisome kitu.

"Nilisema nini mimi?" profesa akacheka. "Sista, tumekuja kuangalia ukuta?"

Daktari Gil aliung'oa ubao ukutani, akaukumbatia kifuani. Akapiga hatua moja, akasimama.

"Gil," profesa akaita taratibu, "unakwenda wapi na ubao wangu?"

"Si wako, profesa, ni wa masista," akasema Sista Kolumba. "Daktari Gil, unamwogopa nani, mgonjwa?"

"Sista, nitafukuzwa kazi."

"Huenda. Na huyu binti atafukuzwa shule. Chagua."

Gil akauelekea mstari. Kila hatua aliuliza, "Sasa je?" na Seol-hwa akajibu, "Bado, kaka daktari, njoo tu." Alipouvuka mstari, akafika mkono wa binti unapoweza kugusa, Seol-hwa akasoma herufi ya juu, na ya pili, na safu iliyofuata. Sista akampa lenzi na gazeti la siku hiyo, akavuta taa, na msichana akasoma kwa sauti habari ya mvua na mavuno ya kabichi. Hakuna aliyewahi kusikiliza habari za kabichi kwa utulivu kama ule. Mwalimu mkuu akainuka: "Jumatatu aje darasani."

Profesa alitoka bila kuaga. Daktari Gil alihamishiwa kisiwani, hospitali zikaacha kupeleka madaktari mafunzoni, na wapo hata wakubwa wa Kanisa waliomshauri Sista aombe radhi. Hakuomba. Kwa miaka mitatu aliwafundisha wauguzi wawili tu katika chumba cha kufulia, sabuni ikiwachuruzikia miguuni. Mafunzo yalifufuliwa na akina mama, waliosikia ya Seol-hwa wakaanza kugoma milangoni mwa hospitali: "Njoo karibu umpime mwanangu, hatutoki." Leo hospitali zilezile zimetundika picha yake ukumbini. Tunaiona picha, na tunakumbuka.

Watu walimsimulia miujiza. Mzee mmoja wa Gongju alisoma jina la mkewe kwenye jiwe la kaburi, akapiga kelele kwamba Sista amemfungua macho. Sista alikasirika: "Mungu ndiye aliyekubakizia hayo macho. Mimi nilikusogelea tu." Alifariki tarehe 12 Februari 2009. Maneno yake ya mwisho alimwambia muuguzi aliyezima taa ili alale: "Washa, mwanangu. Wa kitanda cha pili anasoma."

Hatutangulii hukumu ya Kanisa juu ya utakatifu wake. Wenye kuchunguza na wachunguze. Ila Nam Seol-hwa anafundisha historia shule ya wasichana, kitabu kimegusa pua. Wanafunzi humtania: "Mwalimu, mbona unanusa kitabu?" Naye huwajibu: "Nanusa, ndiyo, na wewe wa nyuma, nanusa hujaandika kazi yako." Wewe daktari unayemheshimu Kolumba, usiishie kumwashia mshumaa. Inuka kitini, umwendee mgonjwa. Na wewe uliyeambiwa hakuna la kufanya, usiondoke. Keti palepale mpaka waje karibu.