Kiatu Kikushike Wewe

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa kigori, bibi yangu mzaa mama alipoingia kwetu Ngamiani. Alikuwa ametoka kijijini Tongoni kwa miguu kuja harusini. Baraza imejaa wanawake waliovaa sare, nao wote wakamtazama miguuni. Ndala zake alikuwa amezifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, kimezunguka kisigino na kupigwa fundo mbele. Nilimkimbilia, nikampa shikamoo yake, kisha nikamnong'oneza, "Bibi, nikuletee ndala zangu mpya?"

Yeye hakujua kunong'ona. "Mwana we," akasema, na baraza nzima ikasikia, "kiatu kikushike wewe, usikishike wewe! Nimetembea tangu alfajiri na ngoma bado nataka kucheza. Hizo zako zitanifikisha wapi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikaingia ndani kwa haya. Na ngoma aliicheza kweli, mpaka vijana wakampisha.

Mwanangu, maneno ya wazee huyasikii siku unayoambiwa. Mimi lile la bibi nimelisikia juzijuzi tu, nikiwa bibi mwenyewe.

Kila asubuhi hutoka hapa nikaenda kwa miguu hadi mtaa wa Usagara kwa dada yangu, Zuhura. Macho yake yamefifia, na kahawa yake hainywi mpaka nifike. Wajukuu wanamtunza vizuri, Mungu awabariki, lakini mjukuu atamkumbusha nani mambo ya utoto wetu? Hayo ni yangu na yake. Na mimi ile safari naipenda. Nasalimia huku, nachokozwa kule, nafika nimechangamka.

Basi miundi ikaanza kuuma, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Kwanza uliuma nikishafika, kisha ukawa unauma njiani, mwisho ukawa unaniuma hata nikishuka kitandani. Nikasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Jirani yangu Mpemba akanipa mafuta ya karafuu nijisugue. Yananukia vizuri, kwa hilo sina lawama.

Ikafika nikashindwa kwenda. Siku ya kwanza, ya pili, na nyingine tena. Dada akatuma ujumbe: "Mwambieni kama amenichoka aseme." Mwanangu, neno lile liliniuma kuliko muundi. Nililia, sikufichi.

Ndipo nikapanda bajaji kwenda hospitali. Nikamkuta daktari, binti mpole, akaniamkia, akanibonyeza muundi taratibu, halafu akasema, "Bibi, hebu tembea na hizo ndala zako nikuone." Nikatembea. Akacheka kidogo. "Tazama vidole vyako. Kila hatua vinajikunja kuzizuia ndala zisikutoke. Ile misuli ya muundi haipumziki hata kidogo. Wewe ndiye unayekishika kiatu."

Nilicheka mpaka akashangaa. Ni kama bibi yangu alikuwa amesimama pale pale na mafundo yake ya kanga! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nashukuru langu liliuma tu.

Unajua, sisi watu wa pwani tuna jambo letu. Kila mlango tunavua viatu, na mtu mzima hataki kuinama huku mwenye nyumba kasimama akimngoja. Kwa hiyo tunapenda ndala pana, laini, za kutikisa mguu zikatoka zenyewe. Kinachotoka upesi mlangoni, njiani nacho hakikai.

Daktari akaniambia nipumzike kwanza, niweke barafu iliyofungwa kitambaani, na nikishapata nafuu niegemee ukuta kuinyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Nirudi njiani kidogo kidogo, siku za mwanzo nifike nusu tu kisha nipande bajaji. Akanionya kuwa nikiona mguu umevimba, au una joto, au unauma hata nimetulia, nisikae nao nyumbani.

Viatu nilivinunua jioni, maana jioni mguu umeshatanuka. Kwenye meza za mitumba nilipata raba nzuri kwa macho, lakini nilipoziweka juu ya ubao moja ikalala upande. Ilishazoea mguu wa mwenzangu aliyeivaa kwanza, nikazirudisha. Nikachagua nyingine, kisigino kigumu, soli inayokunjika penye vidole na si katikati, mbele nafasi ya kidole gumba, na juu utepe wa kunata. Wifi yangu akaniuliza kama najiunga na timu ya mpira. Nikamwambia ndiyo, golikipa.

Siku niliyofika Usagara kwa miguu yangu mwenyewe, nilikaa kizingitini bila haraka, nikavuta utepe, krrr. Dada akauliza kwa ukali, "Nani huyo? Ndala za mdogo wangu nazijua, na hizo sizo!" Nikamshika mkono. Akanishika uso, kisha akasema, "Kahawa itapoa." Siku hizi akisikia tu krrr mlangoni, anamimina.

Basi, mwanangu, maumivu usiyaite uzee kabla hujayauliza yametoka wapi. Nunua kiatu kitakachokushika, na mlangoni mwa watu keti ukivue kwa nafasi yako. Anayekupenda atangoja. Na mzazi wako ukimwona anaburuta ndala, usimcheke, mpeleke akachague viatu.

Mungu akupe miguu ya kuwafikia wanaokungoja, na siku miguu itakapogoma, asikukoseshe mtu wa kuja mlangoni kwako. Amina.