Kipara cha Haldorsen

Kwa miaka kumi na mitano Lemuel Pruitt alizunguka miji ya wachunga ng'ombe na gari lake la farasi, akiuza maji ya sukari yenye pombe kwa jina la dawa. Ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni. Ndiyo maana jaji msafiri alipofungua mahakama ndani ya baa ya mji wa Cutler's Ford na kukuta mji hauna wakili, alimwamuru yeye amtetee Orrin Teague, aliyeshtakiwa kuiba farasi. Adhabu ilikuwa kitanzi.

Lemuel alikubali kwa kuwa aliujua ukweli. Asubuhi ile farasi alipoibwa, Orrin alikuwa kwenye gari la Lemuel, akimnunulia mkewe dawa ya kikohozi.

“Ndugu zangu,” aliwaambia wazee kumi na wawili wa baraza, “naapa, alikuwa nami.”

Haldorsen, msemaji wa wazee hao, akavua kofia. Kipara kikang'aa. “Daktari, si uliapa hivyo hivyo kwamba hapa nywele zitaota kabla ya Pasaka?”

Baa nzima ikaangua kicheko. Hata jaji alijifuta machozi. Lemuel akasihi mpaka sauti ikamkauka, na kila alivyosema vizuri zaidi ndivyo walivyozidi kucheka.

Hukumu haikuchukua muda. Orrin alipopitishwa mbele ya Lemuel akipelekwa kitanzini, mikono imefungwa, alisimama kidogo.

“Usijilaumu, mzee wangu. Umejitahidi.” Kisha akauliza taratibu, “Ile dawa ya mke wangu, itamponya?”