Ukoka wa Bibi na Kopo la Udongo

Ijumaa iliyopita nimemfungia ami yangu geti usoni. Nnaandika ghadhabu haijanitoka, kwa hiyo wewe unayesoma nipunguzie pale nitakapozidisha. Sikusoma sana, na nikikasirika huwa sijui kupima.

Alikuja hapa kwangu Mabela baada ya sala, mzee wa watu, pampu ya dawa mgongoni. Kasikia kwa mama kwamba ndago zimeniingia bustanini.

"Fungua, mwanangu. Nusu saa tu, halafu hulioni gugu tena."

Mbwa wangu alikuwa kalala kwenye majani nyuma yangu, tumbo juu. Nikamwambia, "Ami, hiyo pampu haiingii humu."

Akacheka. "Ya Rabi! Yule mbwa wa Hail bado tu hujamsahau?"

Ndipo nikafunga. Bado, ami. Bado tu.

Nyumba ya bibi kule Hail ilikuwa na ukoka mbele, kipande si kikubwa, lakini bibi alikipenda kuliko sebule yake. Magharibi ikikaribia hutandikwa jamvi hapo, ikaja birika ya kahawa na mkate wa kumimina ungali moto, na harufu ya udi wa bibi ikachanganyika na harufu ya udongo uliorowa. Mbwa wetu tulimwita Bofulo, kwa rangi yake ya mkate uliokolea moto. Hakuingia ndani hata siku moja. Alilala chini ya tangi la maji, akilinda, na mpaka wetu naye ulikuwa unajulikana: akiwa mkavu nawe mkavu, hapana neno, akiwa maji, au akikulamba, unaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo usali. Kwa hiyo penye mfereji wa bomba uani palikaa kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo safi. Mimi ndiye niliyelimaliza. "Weye," bibi akinambia, "mkono huu utakwisha kabla hujaolewa!"

Ndago alizitoa mwenyewe, na mimi pembeni yake. Jana yake hufungua mpira wa maji, udongo ulale umelainika. Kisha hupiga magoti na kisu cha jikoni kilichovunjika ncha, akakizamisha ubavuni mwa gugu, akakizungusha mpaka kile kitunguu chake kidogo kitoke kizima. "Ukikata juu umemnyoa tu. Mtoe na kichwa chake." Vile vitunguu alivitia kwenye kopo jingine, wala hakuvitupa ovyo, maana huota upya. Kwenye nyufa za saruji alimimina maji yanayotokota, na Bofulo hufungwa kamba mpaka papoe. Dawa hakutaka kuisikia. "Mbwa hana viatu," akisema. "Anachokikanyaga, anakilamba."

Mwaka ule ami alikuwa anaposa. Wageni wa kuukeni walikuwa waje wiki ya pili yake, na yeye akaziona ndago zimesimama kwenye ukoka, akaona aibu. Bibi alikuwa kaenda matangani. Alasiri ami akaleta pampu. Nataka niwe mwadilifu: alinisomea karatasi ya dawa kwa sauti, akamfunga Bofulo mwenyewe, akasema asifunguliwe mpaka majani yakauke. Lakini karatasi ilisema kifuniko kimoja, na mimi nilimwona akitia vitatu. Labda viwili. Nilikuwa na miaka tisa.

Na aliyemfungua Bofulo ni mimi. Alikuwa analia, na majani kwa juu nikayaona makavu. Akaenda moja kwa moja akajigaragaza, akarudi tumbo linameremeta.

Ami akatoka na kanzu yake nyeupe, tayari kwa msikiti. Akamwona. "Mwosheni! Mwosheni upesi!"

Mama akasema kutoka mlangoni, "Mwoshe mwenyewe, dawa yako. Mimi nna udhu."

"Na mimi nakwenda kusali na kanzu hii?" Akanigeukia. "Basi weye mtoto."

"Nimeshatia udhu," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Mwaka ule ndio nimeanza kusali na mama, na nilijiona mkubwa.

Tulisimama watu watatu kumzunguka mbwa mmoja, mfereji uko pale, hakuna aliyetaka kumgusa akiwa maji. Bofulo akakaa chini, akatutazama mmoja mmoja, akaanza kujilamba miguu. Adhana ikaanza. Ami akenda zake. Mama akaingia, mimi nikamfuata. Tukasali.

Tulipotoka alikuwa keshajilamba akajisafisha, na mate yanamtoka. Bibi akarudi, akasikia harufu ya dawa. Alikunja buibui, akamburura hadi mferejini, akamsugua kwa sabuni kutoka kichwa mpaka mkia. Kisha akaosha mikono, sisi tunatazama, mara saba. Alipofika ile ya udongo akalinyanyua kopo.

"Udongo si huu hapa? Maji si haya?"

Asubuhi yake Bofulo alikuwa amekufa chini ya tangi. Alikuwa mzee, siwezi kuapa kwamba ni dawa. Ami alilichimba kaburi bila kuambiwa. Watu walipomlaumu alisema, "Labda sikukaza fundo." Fundo lilikuwa zuri. Nililifungua kwa meno. Sikusema siku ile, na sijasema mpaka leo.

Kwa hiyo Ijumaa nilimfungia geti mtu aliyebeba kosa langu. Nnalijua hilo, na bado pampu yake haiingii. Na nikikutana naye nitamwambia habari ya fundo, ingawa bado nna hasira naye.

Nyumba ya Hail imeuzwa. Ukoka umefunikwa matofali, magari mawili yamesimama palipokuwa jamvi. Bibi hayupo. Ndago zangu nnazitoa kwa kisu, magoti yananiuma, na sizimalizi. Kopo la udongo liko penye mfereji wangu. Mbwa akirowa namshika, namkausha, kisha naosha mikono, mara saba, moja kwa udongo. Jana nilianza pamoja na adhana, niangalie inachukua muda gani. Mwadhini alikuwa bado hajamaliza kuadhini.