Mwarobaini, tende saba na jicho la Baba

Hamjambo wakuu. Story hii ni ya nyumbani kwetu Munje, na Baba mwenyewe ameniruhusu niiweke hapa, kwa hiyo siongezi chumvi.

Baba ana sukari miaka mingi. Mwaka juzi jicho likaingia ukungu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa, lakini sukari ishuke kwanza.

Shida yake haikuwa kuona njia. Shida ilikuwa msahafu.

Kila alfajiri alizoea kusoma mwenyewe. Sasa ikawa namsomea mimi, mpishi wa hoteli Diani, na kusoma kwangu ni kwa kubabaisha. Nilimwonea huruma sana.

Ndipo nikaleta ujuaji. Mama mmoja sokoni Kombani aliniambia majani ya mwarobaini yanashusha sukari. Mti tunao uani, bure kabisa!

Nikawa namchemshia kikombe asubuhi, kikombe jioni. Vidonge vya hospitali aliendelea navyo, hapo sikufanya ujinga.

Wiki mbili, tunapima. Imepanda.

Nikakoleza majani. Ikapanda tena! Nikamlaumu yule mama wa Kombani, nikalaumu mti, nikalaumu mpaka betri za kipimo.

Siku ya kliniki nikamweleza muuguzi yote. Binti mchangamfu. Akamgeukia Baba.

"Shikamoo babu. Huo mwarobaini si mchungu?"

"Marahaba mwanangu. Mchungu mno! Nikishakunywa, naondoa uchungu kwa tende."

"Tende ngapi?"

"Nilianza na tatu. Huyu akazidisha ukali, nikala tano." Akahesabu kwa vidole. "Siku hizi ni saba. Lazima iwe witri. Nane sili, wallahi."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mzee analinda witri, hesabu isiyogawika kwa mbili, kama sunna ilivyo, na mimi kila nikikoleza majani ndiyo nampandisha ngazi. Saba asubuhi, saba jioni!

Muuguzi alijizuia kucheka, akashindwa. "Babu, hata moja ni witri."

"Moja haiondoi uchungu huu," Baba akasema, kisha akaninyooshea kidole. "Basi na mwarobaini anywe aliyeuchemsha."

Tukaacha vyote viwili siku hiyo hiyo. Muuguzi akatupangia chakula, na akanionya nisimpe mgonjwa majani yoyote bila kuwaambia wao. Sukari ikashuka polepole, kwa miezi. Jicho likapasuliwa.

Siku chache baada ya kutolewa bandeji, alfajiri, nikauchukua msahafu kama kawaida. Baba akaupokea mkononi mwangu, akaanza kusoma mwenyewe.

Nikaketi kumsikiliza. Sauti ilikuwa ile ile ya utotoni mwangu.

Alipofika mahali fulani akasimama, akanitazama usoni.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukikosea kunisomea mwaka mzima."

Nilicheka huku machozi yananitoka, sioni haya kusema.

Sasa mtaniuliza, mwarobaini unashusha sukari au haushushi? Sijui, wakuu. Wanasema unatibu maradhi arobaini, ila kwetu ulikutana na tende, hatukuupa nafasi. Nilichojifunza ni kuuliza kliniki kwanza, halafu kumuuliza na mgonjwa mwenyewe, kwa upole, maana mimi nilihesabu majani tu.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kunywa mwarobaini, semeni kweli: mlishushia na nini?