Siku Niliyomkataza Mama Kabula Kusema "Natua"

Hii ya kinanda naisimulia mwenyewe, pamoja na aibu yake yote, maana mkiisikia huko mtaani Kashaulili mtaipata imetiwa chumvi. Mnajua nina stashahada ya umeme, nimeisomea Dar kwa jasho langu mwenyewe, hivyo nilipofika Kakese kwenye harusi ya binti wa mjomba nikashika jenereta bila kuombwa na mtu.

Lilikuwa jenereta kuukuu (halina kifaa cha kujirekebishia volti), na liliendesha vitu viwili: mashine ya kusaga unga wa wageni na kinanda cha kwaya, kile kimoja tu walicho nacho, ambacho mjomba alikiazima kwa kuapa kwamba kitarudi kizima. Msagaji, Mama Kabula, kila akitaka kuzima mashine alipaza sauti, "Natuaaa!" kama anayeshusha ndoo kichwani, na mjomba anakimbia kupunguza mafuta ya injini kwanza.

Nikacheka. "Mama, jenereta siyo ng'ombe, mbona nyie mnalipigia kelele? Wewe zima tu kimya kimya."

"Haya, msomi," akajibu.

Mashine ilipoanza kusaga, volti zikashuka hadi mia na themanini, kinanda kikawa kinazima na kuwaka. Nikaongeza mafuta mpaka mita ikasoma mia mbili na thelathini, nikajifuta mikono, nikawaambia wanakwaya, "Sasa huu ndio umeme." (Mzigo ukiondoka ghafla, volti zinaruka juu. Hilo swali lilikuja kwenye mtihani wangu na nilipata alama zote.)

Mama Kabula akamaliza unga, akazima kimya kimya kama alivyoagizwa.

Injini ikapiga yowe, kinanda kikatoa mlio mmoja, kisha moshi, na bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza ametia mguu mmoja ukumbini.

"Nimetua, msomi!" ikaja sauti kutoka kibanda cha mashine.

Bibi harusi aliingia kwa makofi na vigelegele tu, bila kinanda. Mjomba hakunigombeza, alisema tu, "Kinanda utakirudisha wewe, na maelezo utayatoa wewe."

Nikapanda nacho bodaboda hadi mtaa wa Majengo, kichochoro cha mwisho nikakibeba kichwani, na mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwapo harusini, alipofungua mlango, kabla sijakishusha, nikajikuta nimesema, "Natua."

Tangu siku hiyo sizimi hata pasi bila kulitamka neno hilo.